Bonde Lisilo na Upepo

Ninyi mnaokaa Goma mnajua jioni ya Jumapili inavyokuwa mlima ukiwa wazi. Mawingu yanajiondoa polepole, Nyiragongo inawaka wekundu kileleni, na hata mtu aliyezaliwa chini yake anajikuta amesimama na sahani mkononi, anatazama tu. Jioni moja ya namna hiyo, miaka michache kabla mlima haujafunguka na kumwaga moto mara ya mwisho, familia ya Modeste ilikuwa imekaa uani kwao Murara ikila viazi na sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu. Aubin, kijana mkubwa wa nyumba, alikuwa akimtania dada yake Ange kwa mambo ya shule. Deborah, kitinda mimba wa miaka mitano, alikuwa amelalia paja la mama yake Sidonie, anatafuna huku macho yanafumba.

Modeste mwenyewe alikuwapo, na kuwapo kwake kulikuwa sikukuu. Kazi yake ilikuwa Bunagana, mpakani mwa Uganda, kutengeneza karatasi za duane, yaani forodha, za wafanyabiashara. Alikuwa akifika nyumbani Jumamosi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Jumatatu alfajiri alikuwa ameshaondoka. Huko mpakani lori halivuki mpaka Modeste aseme neno. Na mtu akizoea kusema neno moja magari yakatembea, ni rahisi kusahau kwamba nyumbani hakuna lori.

Akasukuma sahani yake pembeni.

“Vakansi hii, shule ikifungwa, siye bote tunaenda kulala inje,” akasema. “Na kinga, na tenti, na miguu. Programu iko tayari.”

Aubin akaacha kutafuna. Ange akauliza, “Kinga ya nani, Papa?” maana kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu, ilikuwa moja tu, na ilikuwa na gurudumu bovu.

Wazo lile hakuliokota hewani. Siku moja pale Bunagana aliona familia ya wageni ikivuka mpaka: baba, mama na watoto, kila mmoja na baiskeli yake, hema zimefungwa nyuma, wote wamechafuka na wote wanacheka. Tairi la binti yao mdogo liliishiwa na upepo. Baba yake hakulijaza mwenyewe. Alisimama akashika pampu iliyokuwa ikiyumba, akangoja mtoto ajaze kwa mikono yake. Modeste aliwatazama mpaka mwenye lori akampigia honi. Aliwaza kwamba watoto wake wanamjua kwa mlio wa begi lake likitua mlangoni, na kwa mlio wa begi hilohilo likiondoka. Jioni ile ile akaanza kupanga. Kwa hiyo, ndugu zangu, msimhukumu upesi mtu huyu, kwa sababu safari yake ilianza na mapenzi.

“Na Deborah? Hajajua kinga,” Ange akasema.

“Deborah atapanda chukudu. Na dereva njo mimi.”

Watoto wakalipuka kwa kicheko. Baba yao, mwenye shati la kola na kalamu mfukoni, juu ya chukudu! Walikuwa hawajui kwamba ujana wake wote huko Masisi aliutumia juu ya ule mti wa magurudumu mawili, akiteremsha kabichi na viazi kutoka milimani, goti moja juu ya ubao, mguu mmoja ukisukuma barabara.

Sidonie alicheka pamoja nao. Kisha akauliza, “Papa Aubin, tutalala fasi gani?”

“Kule nyuma ya Lac Vert, ile ziwa ndogo ya kijani, upande wa Kivu. Niliona bonde moja muzuri sana. Majani mazuri, na upepo haifikie mule.”

Mkono wa Sidonie uliokuwa ukimpapasa mtoto ukasimama.

“Kule kuko mazuku,” akasema.

Kwa mgeni asiyejua: mazuku ni pumzi ya ardhi yetu. Inatoka chini, kwenye nyufa za mawe ya mlima, haina rangi, haina moshi, na ni nzito. Inajikusanya kwenye mashimo na mabonde kama maji yanavyojikusanya kwenye alama ya kwato. Upepo ukivuma, inatawanyika. Upepo ukitulia, hasa jua likiwa limezama au halijapanda, inajaa kimyakimya, na kiumbe chochote kilicho kifupi kuliko kimo chake kinalala na hakiamki. Ukoo wa Sidonie ni wa upande wa Bukavu, lakini yeye alizaliwa Keshero, kando ya ziwa, na kule mama humfundisha mtoto kuogopa mashimo kabla hajamfundisha kusali.

“Mazuku ni hadisi ya batoto wa muji,” Modeste akajibu. “Mimi nimelala mu mabonde ya Masisi tangu niko mutoto, na ngombe, na mvua. Mutu analala fasi upepo haimufikie. Njo vile muzee wangu alinifundisha.”

Na hapo hakudanganya. Huko juu Masisi upepo wa usiku unaua ndama, na mchungaji mwenye akili anatafuta bonde. Elimu yake ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilikuwa ya nchi nyingine, ya udongo na majani. Huku chini tunakaa juu ya jiwe lililowahi kuwa moto.

“Papa Aubin, nakwambia, kule si Masisi.”

“Mama Aubin, programu imeisha kupangwa.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mpakani, mbele ya watoto. Sidonie akanyamaza. Kwao alilelewa kwamba mke mwenye heshima halirudii neno mara ya tatu watoto wakiwapo. Akamnyanyua Deborah, akaenda kumlaza, na watoto wakabaki wakizungumza habari za hema.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya furaha, nisiwafiche. Baiskeli moja ilitengenezwa, mbili zikaazimwa kwa jirani, na Ange alijifunza kuteremka kwenye mawe ya uchochoroni mpaka magoti yakachubuka yote. Modeste alipiga simu kutoka Bunagana kila jioni: kamba iwe hivi, maji yabebwe vile, jogoo wa kuchoma anunuliwe mzima. Siku moja Sidonie alisema kwenye simu, “Papa Aubin, juu ya lile bonde…” na Modeste akasema, “Ongea haraka, niko na lori.” Sidonie akasema si neno, tutaongea ukifika. Alipofika hawakuongea. Ni nyumba ngapi kwetu zina mazungumzo kama hayo, yaliyowekwa mpaka mtu afike?

Siku ya safari mji uliwatazama wakipita. Mbele Aubin na baiskeli, nyuma yake Ange, kisha Sidonie aliyefunga kitenge vizuri kisishike mnyororo, na mwisho Modeste juu ya chukudu, hema na vyombo vimefungwa nyuma yake kwa kamba ndefu, na Deborah mbele yake amempakata jogoo. Walipofika kwenye mteremko wa barabara ya Sake, Modeste akapiga goti kwenye ubao na kuacha mti ushuke wenyewe. Deborah alipiga kelele za raha. Jogoo alitoa shingo na kutazama ulimwengu ukimpita. Vijana wa chukudu waliokuwa wakipanda na mizigo ya makaa wakamshangilia, “Muzee, ungali na nguvu!” Ange alimwangalia baba yake kana kwamba ametambulishwa kwake siku ile.

Waliacha barabara kubwa wakaingia njia ya mawe. Pande zote ilikuwa lava ya zamani, nyeusi, imejikunja na kukauka pale pale ilipochokea, na katika kila ufa jani dogo la kijani limejitokeza bila kumwomba mtu ruhusa. Walisukuma baiskeli kwa mikono, hakuna aliyelalamika. Kisha ardhi ikafunguka mbele ya miguu yao, wakaona Lac Vert imelala chini katika shimo lake la mviringo, kijani kizito, bila wimbi hata moja. Ng’ambo yake Kivu ilikuwa nyeupe kwa jua mpaka macho yanauma. Na nyuma yao, walipogeuka, mlima ulisimama mzima kutoka mguu hadi kichwa, mkubwa kiasi kwamba Deborah alirudi nyuma hatua moja.

Modeste akavua kofia.

“Mungu alipofanya hapa, hakuwa na haraka,” akasema polepole.

Sidonie akaja kusimama karibu naye. Alihisi moyo wake umejaa, na kwa kitambo kile alisahau lile bonde. Hawakuwahi kusimama hivyo, wote watano, bila mtu kutazama saa.

Lakini bonde lilikuwapo, ng’ambo kidogo ya pale, na lilikuwa zuri kama alivyosema. Majani yake yalikuwa marefu na laini kuliko yote ya jirani. Sasa nanyi wafugaji mnaonisikia, hebu jiulizeni: majani mazuri hivyo, na ndani yake hakuna kinyesi cha mbuzi hata kimoja, hakuna njia ya ng’ombe, hakuna mahali palipolishwa. Mtoto wa mchungaji angepaswa kuuliza kwa nini. Modeste aliona majani, akafurahi kwamba hakuna aliyemtangulia.

“Papa Aubin, leta kiberiti,” Sidonie akasema.

Akashuka mpaka chini, akawasha njiti, akainama akaishikilia karibu na ardhi. Kwao Keshero ndivyo walivyopima: moto ukizimika wenyewe chini wakati juu unawaka, ondoka. Lakini ilikuwa alasiri, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia bondeni kwa nguvu na kulifagia lote. Njiti iliwaka vizuri mpaka ikamchoma kidole.

“Umeona?” Modeste akasema, na alisema kwa upole, bila kumcheka. “Kwisha.”

Watoto walikuwa wakitazama. Sidonie akautazama moto uliomsaliti, akaitupa njiti. Hema likasimamishwa bondeni, chukudu na baiskeli zikaachwa juu ukingoni, na jogoo akafungwa mguu kwenye kigingi cha hema. Ila jambo moja Sidonie alilifanya kwa njia yake mwenyewe. Alibeba sufuria na makaa mpaka juu ukingoni. “Chakula kitapikiwa huku,” akasema, “tuone mulima bizuri.” Modeste akaona ni wazo zuri. Hakujua kwamba mke wake alikuwa akiwavuta watoto juu mmoja mmoja, kwa harufu ya chakula, kwa sababu kwa maneno alikuwa ameshindwa.

Jua likazama nyuma ya milima ya Masisi. Upepo ulipungua, ukapungua, ukakata. Ziwa likawa kimya, majani yakawa kimya, hata moshi wa makaa ukapanda wima bila kuyumba. Na hapo mlima ukaanza kuwaka. Kwanza ulikuwa wekundu mdogo, kisha mawingu ya kileleni yakawa mekundu pia, na wekundu ule ukashuka mpaka kwenye nyuso zao. Wote walisimama wakitazama upande mmoja. Modeste alihisi machozi yakimjia na hakuyafuta. Aliwaza kwamba watoto wake watakumbuka jioni hii mpaka uzee wao, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Ange ndiye aliyegeuka kwanza.

“Mama,” akasema, “tazama Deborah. Amelala na jogoo.”

Wakatazama chini. Deborah alikuwa ameteremka kumwona rafiki yake, na sasa alilala ubavu karibu na hema, mkono mmoja juu ya mabawa ya jogoo, kwa utulivu kabisa. Jogoo naye alikuwa amelaza kichwa majanini. Hapakuwa na nyoka, hapakuwa na damu, hapakuwa na sauti. Kitu kile kilichowachukua kilikuwa palepale na hakuna jicho lililokiona.

Modeste aliruka. Sidonie akamdaka shati kwa nyuma kwa mikono yote miwili mpaka likachanika.

“Simama,” akasema. “Modeste, simama unisikie.”

Sidonie alikuwa hajawahi kumwita mumewe kwa jina lake tupu mbele ya watoto. Mtoto wao yuko chini pale, na mkewe anamwambia asimame. Kila msuli wa mwili wake ulitaka kushuka. Na yule mtu ambaye maisha yake yote aliwaambia wengine wangoje, akasimama akangoja.

“Ukienda mbio utainama, na ukivuta pumuzi mule chini hautaamuka. Vuta pumuzi hapa, uishike. Shuka umesimama. Inama mara moja tu, mubebe juu ya bega, rudi. Usimuite. Usifungue kinywa. Unasikia?”

“Nasikia.”

“Aubin, leta kamba ya chukudu.”

Wakamfunga kiunoni. Akavuta hewa mpaka mbavu zikauma, akashuka.

Alihisi vuguvugu miguuni, kisha magotini, kama mtu anayeingia majini taratibu, na hapakuwa na maji. Majani hayakutikisika. Panzi walikuwa wamelala chini kando ya hema, wengi, miguu yao imekunjwa vizuri. Juu ya yote hayo mlima uliendelea kuwaka, mzuri vile vile, haukumjali yeye wala mtoto wake. Modeste alipita kwenye lile bonde lake kama mtu anayepita kanisani wakati wa ukimya, na hofu aliyoihisi ilikuwa na heshima ndani yake. Akainama mara moja. Akalishika gauni, akamrusha mtoto begani, akageuka.

Katikati ya kupanda, pumzi ilimwisha. Akavuta kidogo tu, na hewa ile ikamchoma puani, chungu, na magoti yake yakaacha kuwa yake. Kamba ikakaza. Sidonie, Aubin na Ange walivuta pamoja, wakamburuza juu ya mawe makali, naye hakumwachia mtoto, mpaka kichwa chake kikatokea ukingoni akavuta hewa yenye harufu ya makaa na maharagwe.

Sidonie alimlaza Deborah mahali pa juu kabisa, akampulizia kinywani, akangoja, akampulizia tena. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Modeste alipiga magoti kwenye mawe. Hakuwa na neno la kuamuru, na hapakuwa na wa kumwamuru. Kisha kifua kidogo kikashtuka, Deborah akakohoa, akatapika, akafungua macho na kumwona baba yake.

“Papa,” akasema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa mapema, “jogoo anakatala kuamuka.”

Modeste akalia, na watoto wake walimwona akilia.

Baadaye, baada ya kumpeleka Deborah juu ya chukudu mpaka kituo cha afya cha karibu, na muuguzi kusema kwamba mapafu ni mazima, Modeste na mkewe walikaa kwenye benchi la nje.

“Ulisema,” Modeste akasema.

“Nilisema mara mbili,” Sidonie akajibu. “Ningesema mara kumi. Niliona haya juu ya batoto.”

“Na mimi niliona haya kusikia.”

Kesho yake, jua likiwa juu na upepo umerudi, Modeste alishuka kuchukua hema. Majani yaliinama na kuinuka, laini, ya kijani, na bonde lilikuwa zuri tena kana kwamba halikumfanyia mtu kitu. Alimzika jogoo ukingoni, akarundika mawe makubwa juu yake, akasimamisha ufito wenye kitambaa chekundu, ili yeyote atakayekuja na hema lake ajiulize.

Vakansi iliyofuata Modeste alirudi kutoka Bunagana bila programu. Walikaa uani, sahani ziko katikati, mlima uko wazi. Akasema, “Tunataka kwenda tena. Nani anaanza kusema?” Watoto wakamtazama mama yao, mama yao akamtazama mdogo. Deborah alifikiri sana, mdomo umejaa kiazi.

“Twende fasi iko na upepo,” akasema.

Hakuna aliyecheka. “Sawa,” baba yake akasema, “tutaenda fasi iko na upepo. Endelea.”

FUNZO

Ndugu zangu wakubwa wa nyumba, tunaogopa mlima kwa sababu unaonekana. Kimya kilicho ndani ya nyumba zetu hakionekani, nacho kinajaa vilevile, polepole, mahali pa chini, na wa kwanza kukivuta ni wale wafupi. Ulichofundishwa na wazee wako ni mali, lakini kila nchi ina pumzi yake, na aliyezaliwa hapo anaijua kuliko wewe, hata kama ni mke wako na anasema polepole. Usilete nyumbani sauti ya kazini.

Nawe unayenyamaza kwa heshima, sikia pia. Heshima inayoacha mtoto ateremke bondeni si heshima. Sema mara ya tatu, sema mbele ya watoto, chana shati ikibidi.

Maneno yaliyomtoa Deborah mule shimoni yalikuwa kinywani mwa mama yake tangu ile Jumapili ya viazi na sambaza. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama akayasikia. Kwa hiyo leo, kabla hujafunga mizigo ya safari yoyote, mwulize mdogo kuliko wote anaogopa nini, kisha ukae kimya mpaka amalize.